Barua ya wazi: Sumu ndani ya chupa ya ukwaju

Kwa Waheshimiwa mliopewa dhamana ya afya ya umma, masoko na udhibiti wa dawa za wadudu,
Mombasa.

YAH: SUMU INAYOUZWA KWENYE CHUPA ZA VINYWAJI, NA HOSPITALI ZINAZOISHIWA NA DAWA YA KUIPINGA

Waheshimiwa,

Baada ya salamu, niwieni radhi kwa kuja kwenu kupitia uwanjani badala ya mlangoni. Mlangoni nimeshabisha hodi. Barua ya kwanza niliileta kwa mkono, ikapigwa muhuri, nikaambiwa "tutakupigia simu". Ya pili nilielekezwa niipeleke ofisi nyingine, kwa kuwa mambo ya soko si mambo ya afya. Kwenye ofisi hiyo nyingine nikapeleka ya tatu. Kijana wa mapokezi aliisoma yote akiwa amesimama, kisha akaniuliza, "Kwani mtoto alikufa?" Nikamwambia la, hakufa. Akaipachika chini ya makaratasi mengine. Huu ni mwezi wa tano nangoja.

Mimi ni mtaalamu wa maabara mstaafu. Nimefanya kazi katika hospitali za umma hapa pwani kwa miaka 31, mingi nikiwa nimeinamia darubini natafuta malaria. Sikusomea udaktari na sitajitia kuujua. Lakini kemia naijua, na mtoto ninayemzungumzia nilimpakata mwenyewe.

Ilikuwa Ramadhani iliyopita, baada ya alasiri, saa ambayo Kisauni yote hunukia kaimati na viazi karai. Upande wa pili wa ukuta wangu wanaishi wapangaji, watu sita katika chumba cha futi 10 kwa 10. Kunguni walikuwa wamewashinda. Mama mtu alinunua dawa ya shilingi 100 kwa mchuuzi, ikatiwa katika chupa ya maji ya nusu lita, akaisukuma mvunguni nyuma ya sanduku. Mle mle chumbani, juu ya stuli, zilikuwapo chupa tatu za namna ile ile zenye juisi ya ukwaju ya kufuturia. Rangi moja, kizibo kimoja. Mtoto wa miaka minne, nitamwita Kibibi, hakuasi mtu. Alikatazwa chupa za juu ya stuli mpaka ipigwe adhana. Ya mvunguni hakuna aliyemkataza.

Niliitwa kwa kelele. Nilipofika nyanya yake alikuwa ameshamnywesha maziwa na anamtia kidole kooni. Mtoto alikuwa amelowa jasho kama aliyetoka kuoga, udenda unamtiririka, machozi yanamtoka bila kulia, na amejikojolea. Nikamfunua jicho. Mboni ilikuwa nukta, kama ncha ya sindano, katika chumba kilichokuwa na giza. Hapo magoti yaliniisha nguvu, kwa sababu mboni kwenye giza hupanuka. Tukamvua nguo zilizolowa ile dawa, tukamwosha kwa sabuni na maji mengi, tukambeba kwenye tuktuk. Njiani kifua chake kilikuwa kinatoa sauti ya buli linalochemka.

Hospitalini daktari kijana, Mungu amlipe, aliuliza swali sahihi kabla ya kuuliza kadi.

"Amekunywa nini?"

"Dawa ya kunguni."

"Inaitwaje?"

Mama akatoa chupa. Lebo ilisema ni maji safi ya kunywa.

Kabla ya isha dawa iliyokuwapo wodini ikawa imeisha, na baba mtu akatumwa mjini na kikaratasi kutafuta nyingine. Duka la kwanza hakuna, la pili limefungwa, la tatu akapata. Kibibi alilala wodini siku tisa. Yuko hai, anacheza kombolela, na mpaka leo hagusi ukwaju.

Nimelileta jambo lenyewe kwanza ili msidhani nimeokota habari barazani. Sasa malalamiko yangu, moja baada ya jingine.

1. Sumu isiyo na sura

Pwani hii haikuanza jana kuishi na sumu. Bunju yuko baharini tangu na tangu. Ini lake, mayai yake na mara nyingi ngozi yake vina sumu iitwayo tetrodotoksini, ambayo haitoki kwa kupikwa wala haina dawa ya kuipinga. Aliyeila hufa ganzi midomo, kisha vidole, na ikizidi misuli ya kupumulia hulala. Lakini mvuvi akimtoa bunju kwenye wavu humtambua pale pale, anavyojifura kama mpira, akamrudisha alikotoka. Hata mtoto wa Likoni atakwambia huyu haliwi. Bunju ana sura yake.

Sumu ya chupani imenyang'anywa sura. Ilitoka kiwandani ikiwa na jina, alama ya fuvu, namba ya usajili, maelezo ya nini kifanyike mtu akiimeza. Kabla ya kufika kwa mama Kibibi ilishamwagwa kutoka chombo chake hadi mtungi wa lita 20, na kutoka mtungini hadi chupa iliyookotwa.

Wiki mbili baadaye nilimfuata mchuuzi mwenyewe. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na kipaza sauti kinachorudia wimbo mmoja, "Kunguni, mende, viroboto, panya, wakubwa kwa wadogo," na chupa iliyokatwa shingo anayoitumia kumiminia.

"Mamangu, hii ni kiboko yao. Nyunyiza, funga mlango, asubuhi wewe ni kufagia tu."

"Ndani mna nini, mwanangu?"

"Dawa."

"Dawa gani?"

Akacheka. "Ya kunguni, mamangu."

Akanionyesha ubora wake. Alitia matone mawili katika kikombe cha maji, yakageuka meupe kama tui la kwanza. Weupe ule haukuniambia ni sumu ya aina gani. Uliniambia kwamba kitu kile kimechanganywa na mafuta na sabuni maalumu ili kikubali maji, yaani ni dawa ya kunyunyizia shambani, ya kutiwa kidogo katika bomba zima la maji. Yeye alikuwa akiiuza kama ilivyo. Harufu yake ilikuwa ya kitunguu saumu kilichooza juu ya mafuta ya taa. Mimi ilinitosha, nikarudi nyuma hatua mbili.

Nilipomwambia habari za Kibibi alinyamaza, akazima kipaza sauti. Kisha akatoa mfukoni risiti ya ushuru wa soko ya siku ile, akanikunjulia. "Lakini mimi nimelipa, mama." Waheshimiwa, hapo ndipo nilipojua kwamba hamna haja ya upelelezi kumpata. Mnampata kila asubuhi, na mnamkatia risiti.

Sheria ipo. Sheria ya Kudhibiti Bidhaa za Kuulia Wadudu, Sura ya 346, ni ya mwaka 1982. Inataka bidhaa hizi zisajiliwe, zifungashwe na ziwekewe lebo ipasavyo kabla ya kuuzwa. Imetimiza zaidi ya miaka 40, na kipaza sauti bado kinaimba.

2. Neno "dawa"

Hili ni fupi lakini naliona zito. Lugha yetu imetuachia neno moja kwa panadol na kwa kiua kunguni. Mtoto akiumwa anapewa dawa. Chupa ile ina dawa. Kibibi alipoulizwa alichokunywa, kabla hajazidiwa, alijibu kwa fahari, "Dawa!", na nyanya yake kwa dakika nzima alidhani ni ile ya kikohozi. Sisemi tubadilishe Kiswahili. Nasema kwenye matangazo, kwenye lebo na kwenye zahanati zenu, andikeni SUMU. Neno hilo mtoto analijua tangu anapoanza kuogopa nyoka.

3. Lebo ni sehemu ya matibabu

Nimeambiwa na mmoja wa maofisa wenu, kwa upole, kwamba lebo ni "mambo ya karatasi". Naomba nimjibu kwa kirefu, maana hapa ndipo kazi yangu ya miaka 31 ilipo.

Neva zikitaka tezi itoe mate au msuli ujikaze, hutoa kemikali iitwayo asetilikolini. Kazi ikiisha, kimeng'enya kiitwacho kolinesterasi huifagia papo hapo. Sumu za kundi la oganofosfeti humfunga huyo mfagiaji mikono. Fikirieni honi ya matatu iliyokwama: dereva ameshaondoa kiganja lakini inalia tu. Tezi zote zinalia pamoja. Ndiyo maana mate, machozi, jasho, mkojo na kuhara huja kwa pamoja, na mapafu hujaa majimaji mpaka mtu azame akiwa nchi kavu. Kuna kundi jingine, kabameti, ambalo hufanya vile vile ila humwachia mfagiaji mapema zaidi.

Lakini si kila dawa ya wadudu iko hivyo. Nyingi za madukani leo ni za jamii ya pareto, lile ua ambalo Kenya ilikuwa ikiliuza dunia nzima, zikitengenezwa sasa kiwandani. Hizo hugusa neva kwa njia nyingine kabisa, na dawa iliyomwokoa Kibibi si dawa yake. Za panya ndizo zenye hila zaidi. Zile zinazozuia damu isigande hazionyeshi kitu siku ya kwanza. Mtoto anacheza, wazazi wanamshukuru Mungu, na siku ya tatu anaamka fizi zinavuja damu. Tiba yake ni vitamini K, na mtu angeanza kuitoa mapema laiti angejua. Na mafuta ya taa, ambayo kila mtaa unayauza kwenye chupa za soda, hudhuru zaidi yakiingia mapafuni kuliko yakikaa tumboni. Ukimtapisha mtoto aliyeyanywa, unayapeleka mwenyewe mapafuni. Nyanya yake Kibibi alitia kidole kwa mapenzi. Hakuna aliyewahi kumwambia asifanye hivyo.

Kwa hiyo daktari anapouliza "inaitwaje?" anauliza ashike njia ipi kati ya nne au tano. Jibu lilipaswa kuwa limeandikwa kwenye chupa.

Kuna pia suala la kipimo. Paracelsus, tabibu wa Uswisi aliyefariki mwaka 1541, alifundisha kwamba vitu vyote ni sumu na kipimo ndicho kinachotenganisha. Mchuuzi naye, bila kumsoma, aliniambia "ni kidogo tu, haiui mtu". Mtu yupi? Kibibi ana kilo 14. Funda analomeza mtu mzima wa kilo 70 likaishia kumchafua tumbo, kwake ni mara tano yake. Na mchuuzi hajui ana asilimia ngapi mtungini, kwa hiyo neno "kidogo" kwake halina maana yoyote.

4. Hospitali na ampuli za atropini

Dawa iliyomrudisha Kibibi ni atropini. Iko katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, ni ya zamani, na si ya bei ya kutisha. Kwa wanaopenda mambo kama mimi: jamaa wa atropini wamo ndani ya mnanaha, mmea ule wa maua meupe kama tarumbeta unaoota jalalani, ambao wazee walitukataza hata kuuchezea kwa kuwa huleta wazimu. Mnanaha hukausha mate, huipanua mboni na huuendesha moyo mbio. Sumu ile nyingine hufanya kinyume chake. Sumu moja inaitoa nyingine, mradi mkono unaoipima ni wa mtu aliyesoma.

Shida ni kwamba atropini haitolewi kijiko kimoja mara tatu kwa siku. Hutolewa sindanoni, na kila baada ya dakika chache, kifua kikiwa bado kinachemka, kipimo huongezwa maradufu. Mgonjwa mmoja aliyezidiwa anaweza kumaliza makumi ya ampuli kwa usiku mmoja. Akiba inayotosha kazi za kawaida za chumba cha upasuaji haimtoshi mgonjwa huyu hata mpaka usiku wa manane. Hilo si kosa la muuguzi wa zamu, ambaye nilimwona kwa macho yangu akihesabu ampuli mbili zilizobaki kiganjani, akazihesabu tena, kama zitaongezeka. Ni kosa la anayepanga akiba bila kujua kwamba mjini mwake sumu hii inauzwa kwa kipaza sauti.

Kifungu cha 43 cha Katiba kinasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Baba aliyetumwa mjini na kikaratasi usiku, hana nauli, hajui neno lililoandikwa humo, sijui tumwite aliyenyimwa au aliyecheleweshwa. Wanasheria watatuambia.

5. Hatuhesabu

Katika barua ya pili niliuliza ni watoto wangapi huletwa hospitalini kwa sumu katika mwaka. Nilijibiwa kwa mdomo kwamba "tatizo hilo si kubwa, hakuna takwimu zake". Sentensi hiyo nimeiwaza sana. Mimi nimefanya kazi maabara. Najua kitu kisichopimwa kinavyoonekana kidogo. Kipimo cha kolinesterasi kwenye damu kipo duniani, lakini katika maabara nilizopitia mimi sikuwahi kukiona kikifanywa. Mtoto akiletwa usiku anatapika, anaharisha na anatoa jasho, anaandikwa alichodhaniwa. Akifa, anazikwa na alichodhaniwa.

Mombasa tumewahi kulipia kosa hili. Owino Uhuru haiko mbali na tunapokaa. Kiwanda kilichokuwa kikiyeyusha betri chakavu kiliweka vumbi la risasi kwenye udongo, kwenye mabati, kwenye maji. Phyllis Omido, aliyefanya kazi pale, mwanawe alipougua alitibiwa magonjwa mengine kwanza. Jibu lilipatikana damu ilipopimwa risasi. Mwili wa mtoto huidhania risasi kuwa kalisiamu, ukaihifadhi mifupani ikakaa miaka na miaka, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake kwenye damu kinachojulikana kuwa salama. Mama yule alianza kwa kuuliza tu, akaambulia kukamatwa. Mwaka 2015 alitunukiwa tuzo ya mazingira ya Goldman. Mwaka 2020 mahakama ya mazingira hapa Mombasa iliamuru fidia ya shilingi bilioni 1.3, ikapingwa katika rufani, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha hukumu ile. Hesabuni tangu siku ya swali la kwanza.

Sumu ya kunguni haingoji miaka. Inamaliza kazi baina ya alasiri na isha. Tofauti hiyo ingetosha kuwafanya mharakishe.

Sasa nyudhuru, ambazo nimeshazisikia zote.

Mtasema wazazi ni wazembe, dawa iwekwe juu, mbali na watoto. Karibuni katika chumba kile mnionyeshe juu ni wapi. Juu kuna nguo, sufuria na mtoto wa pili. Na mzazi aliyeuziwa chupa ya maji hakupewa kizibo kinachomshinda mtoto, ambacho chombo cha kiwandani kinaweza kuwa nacho.

Mtasema mchuuzi anatafuta riziki, tukimfukuza atakula nini. Sijaomba afukuzwe, na naomba sana barua hii isiwe kisingizio cha kanjo kumwaga meza za watu. Maskini hununua kidogo kidogo, hiyo ni haki yao. Sukari tunapimiwa, mafuta ya kupikia tunapimiwa. Vifungashio vidogo vilivyofungwa kiwandani, vyenye jina na maelezo ya Kiswahili, vinaweza kuuzwa na kijana yule yule, pale pale, kwa kipaza sauti kile kile. Na kama ni kunguni tu, mwambieni mama kwamba maji ya nyuzi 60 yanawamaliza, wao na mayai yao. Shuka na foronya zichemshwe, chaga za kitanda zimwagiwe birika la moto kwenye viungo. Ni kazi ya jasho, lakini haina mhanga.

Mtasema udhibiti wa dawa za wadudu ni kazi ya serikali kuu, nyinyi mikono yenu imefungwa. Kwenye usajili, sawa. Lakini ushuru wa soko unakusanywa na nani? Maofisa wa afya ya umma wanaokagua mikahawa ya biriani na kudai vyeti vya wapishi ni wa nani? Anayeweza kumkagua muuza mahamri anaweza kumuuliza muuza sumu ana nini mtungini.

Na mtasema kwamba kukaza sheria kutawaumiza wakulima. Sri Lanka ni nchi ya wakulima wa mpunga. Ilipoanza kuziondoa sokoni dawa zilizo kali zaidi, hatua kwa hatua, vifo vya sumu vilishuka sana, na mpunga uliendelea kuvunwa. Hapa mjini, isitoshe, tunalima nini?

Ninachoomba si kingi.

Kwanza, ndani ya siku 30 ushuru usipokewe tena kwa meza yoyote inayouza sumu iliyohamishwa kutoka chombo chake, na wauzaji waitwe wafundishwe na kuonyeshwa mahali pa kununua vifungashio halali. Waitwe, wapewe chai, wazungumzishwe. Wanajua mengi kuliko sisi, pamoja na mitungi inatoka wapi.

Pili, kila hospitali ya umma inayopokea dharura usiku iwe na akiba ya atropini iliyotengwa kwa ajili ya sumu pekee, ya kumtosha mgonjwa mmoja aliyezidiwa hadi asubuhi, na mashine ya kufyonza inayofanya kazi. Akiba hiyo ihesabiwe kila zamu kama zinavyohesabiwa dawa za usingizi.

Tatu, iwepo namba moja ya simu ambayo mzazi wa Mombasa anaweza kupiga saa yoyote akaambiwa kwa Kiswahili afanye nini na asifanye nini. Mimi niliyekula mshahara wa afya miaka 31 sikuwa na namba ya kupiga siku ile. Ibandikwe kwenye zahanati, kwenye shule za chekechea, kwenye feri, nyuma ya tuktuk.

Nne, kitabu. Kitabu tu, chenye mistari: umri, mtaa, alichokunywa, chombo alichokinywea, kilichompata. Kiwekwe kila chumba cha dharura na jumla yake itangazwe kila mwaka. Niko tayari kuwafundisha makarani bila malipo, kwa muda wowote mtakaoutaka, maadamu macho yangu bado yanaona.

Nakala za zile barua tatu ninazo, na mihuri yenu inasomeka vizuri. Chupa pia ninayo. Daktari aliirudisha kwa mama, mama akanikabidhi mimi kwa kuwa hakutaka kuiona tena. Bado imebaki kiasi cha vidole viwili. Nimeifunga kwa tepu, nikaiweka ndani ya mtungi wa plastiki wenye mfuniko, nikaandika SUMU pande zote nne kwa kalamu nyekundu na kuifungia kabatini kwa kufuli. Yeyote kati yenu atakayekuja na kitambulisho cha kazi atakabidhiwa, akaipeleke ikapimwe tujue jina lake. Nashinda nyumbani siku zote isipokuwa Ijumaa mchana.

Wenu kwa heshima,

Mtaalamu wa maabara mstaafu,
Kisauni, Mombasa.